Uzio Wangu na Kijiko cha Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Agosti

Nimepanda cheo! Leo asubuhi Mhandisi ameniita kwenye kontena lake la ofisi na kusema kuanzia sasa mimi ndiye nitakayepanga malango. Yote. La malori, la watu, uzio, njia za miguu, kila kinachoingia na kutoka katika eneo tunalojenga maktaba mpya. Hadi jana kazi yangu ilikuwa kugawa kofia ngumu asubuhi na kuzipokea jioni zikinuka jasho. Mtunza stoo, ambaye sote tunamwita Bwana Stoo, alikuwa amesimama pale mlangoni akisubiri saini. Alimeza mate. Nilimwona.

Masharti ni haya. Jumamosi ya wiki ijayo mkaguzi wa usalama atakuja, na siku hiyohiyo kreni itapandisha kenchi kubwa ya paa. Chuma kimoja kizima, kirefu kuliko nyumba yangu na ya jirani zikiunganishwa! Siku hiyo asionekane mtu wa nje hata mmoja ndani ya uzio. Akionekana, mkaguzi atafunga kazi na mimi nitarudi kuosha ndoo za zege. Mhandisi aliyasema haya bila kupepesa macho. Halafu akashusha sauti, akasema ndoo si kitu. Kenchi ile ikimkuta mtu chini yake, hakuna atakayekuwa na la kusema tena.

Mambo yakienda sawa nitapewa redio ya mkononi. Kama ya Bwana Stoo! Yeye huongea nayo hata na mtu aliyesimama mbele yake. Nakupata, nakupata. Sijawahi kutamani kitu namna hii tangu nilipoposa.

Nilitoka kwenye kontena nikiitazama kreni. Siwezi kujizuia. Muda wote niliokaa hapa, bado kila asubuhi nikiiona naishiwa na maneno. Shingo ndefu vile, mtu mmoja tu kule juu kwenye kibanda, naye anaokota rundo la nondo taratibu kama mama anayemhamisha mtoto aliyelala. Nikajigonga kwenye toroli. Mhandisi alikuwa dirishani. Alisema anayelinda vichwa vya wenzake aanze na miguu yake mwenyewe.

Jumanne, 5 Agosti

Nimegundua jambo la ajabu sana kuhusu malori.

Mpango wangu ni huu. Malori yaingie mashariki, yatokee magharibi, yasirudi nyuma hata kidogo, maana lori likirudi nyuma halina macho. Watu wapite njia yao. Kati ya watu na malori, mapipa yaliyojaa mchanga. Rahisi. Ila kuna lori lile refu lenye tela, litakaloleta kenchi. Je, litaweza kukata kona ya lango?

Jioni nilipanga viti sebuleni viwe nguzo. Mimi nikawa kichwa cha lori. Nikamwomba mke wangu awe tela. Alikataa. Nikamwambia ni suala la uhai wa watu. Akashusha pumzi, akashika ncha ya shuka, mimi nikashika ncha ya pili, nikanguruma, tukaingia. Kichwa kilipita katikati, safi kabisa. Tela likakipiga kiti kwa nyonga, kiti kikaanguka, na birika la chai likafuata.

Nilibaki nimeduwaa. Mkia haufuati kichwa! Kichwa kinapita huku, mkia unakata kona kule. Miaka yote naona malori yakipita na sikujua. Tulirudia polepole, na polepole zaidi, na kila mara nyonga ya mke wangu ilikwenda palepale kwenye kiti. Nilitaka kulia kwa jinsi lilivyokuwa jambo zuri. Mke wangu alisema yeye analijua tangu zamani, maana amekuwa akinifuata nyuma sokoni na mimi nikipita yeye anagongwa. Hilo sikulielewa. Nimeamua nguzo ya ndani isogezwe. Ni ugunduzi wangu.

Katika mzunguko wa mwisho mama mkwe aliingia. Alitukuta tumeshika shuka, mimi nanguruma, chai imetapakaa sakafuni. Alimvuta binti yake pembeni akamwuliza kama ndoa ina afya.

Alhamisi, 7 Agosti

Uzio umekamilika! Mabati mapya pande zote, marefu kuliko mtu aliyebebwa mabegani, kila bati limekazwa kwa skrubu. Jua likipiga huwezi kuyatazama. Niliuzunguka wote nikiugusa kwa mkono. Mimi, mtoto wa mshona viatu, nimezungushia uzio jengo la ghorofa.

Sasa kuna kitu kimoja. Njia ya mkato. Watu wa nyumba za nyuma, tangu enzi za babu zao, hukatisha hapa katikati kwenda sokoni na kituo cha basi. Uzio umeifunga. Wazungukie barabarani, nimewawekea hata mshale. Nyumba ya mwisho kabisa, ile ambayo njia huanzia mlangoni pake, ni ya mama mkwe.

Adhuhuri nilikuwa namwonyesha Mhandisi lango la watu, naye alikuwa akiitikia kwa kichwa, ameridhika, mara nikamwona mama mkwe anatokea nyuma ya rundo la matofali na kapu lake kichwani. Alitusalimia wote. Aliuliza hali ya watoto. Alisema kazi inaendelea vizuri, mashaallah, jengo linapendeza, na akasimama kidogo kuitazama kreni mdomo wazi. Kisha akatokea langoni.

Nilikwenda nyuma. Skrubu za bati moja zote zimefunguliwa na kupangwa vizuri juu ya jiwe, zisipotee. Jioni nilimwuliza mke wangu kwa upole kama kweli mama yake ana bisibisi. Akasema hana, hutumia mkia wa kijiko.

Mhandisi amesema nizungumze naye. Nizungumze vipi? Mkwe hakemewi. Nimeenda, nimepewa uji, tumezungumzia mvua. Nimerudi.

Ijumaa, 8 Agosti

Leo nimetumia akili. Wasioniogopa mimi wataiogopa hatari yenyewe. Nimeandika bango kwa rangi nyekundu, herufi kubwa, kwa mkono wangu mwenyewe, na hati yangu hata mwalimu aliisifu. HATARI! USIINGIE! HAPA KUNA KRENI INAYOBEBA CHUMA KIZITO KULIKO TEMBO WAWILI, JUU KABISA, MPAKA UNAONA KIZUNGUZUNGU! Nililitundika palepale kwenye bati la mama mkwe. Nilijitenga nikalisoma. Mwili ulinisisimka.

Wengine walisisimka pia. Kufikia mchana walikuwa wameingia watu ambao hata njia ya mkato hawaijui. Muuza magazeti. Wauguzi wawili kutoka zahanati ya jirani. Mzee mwenye mkongojo alinishika mkono na kuniuliza kwa heshima, hao tembo wawili wanapandishwa saa ngapi.

Bwana Stoo alilitangaza kwenye redio yake. Nilisikia kicheko kikitokea ghorofa ya nne, kisha kwenye mashine ya zege, kisha kule juu kabisa kwenye kreni. Hata kreni inanicheka. Nimelitoa bango.

Jumapili, 10 Agosti

Mbwa! Kwa nini sikufikiria mapema? Mbwa hatuna, na Mhandisi amesema hatutakuwa naye. Lakini mtu haogopi mbwa, anaogopa sauti yake. Shemeji yangu ana spika kubwa ya kwenye harusi. Nimeiazima.

Nilijifungia chumbani na simu ya mke wangu nikabweka. Mwanzo ilitoka sauti ya mbuzi. Nilipiga magoti, nikainamisha kichwa, nikajaribu tena, na tena, hadi nikajiogopa. Kuna kitu ndani ya mwanadamu asichokijua mwenyewe! Nimerekodi kipande kirefu. Nitaiweka spika nyuma ya bati, iwe inarudia yenyewe kutwa nzima.

Jumatatu, 11 Agosti

Sitaki kuandika lakini nitaandika.

Spika iliwashwa kabla watu hawajaanza kwenda sokoni. Kishindo kizuri sana. Mama mkwe alisimama nje ya bati na kijiko mkononi, asisogee. Nilichungulia pembeni nikiwa na furaha isiyo kifani. Mbwa akabweka, akabweka, akanguruma, halafu, kwa sauti iliyofika mpaka kituo cha basi, mke wangu akasema: "Baba watoto, acha kubweka, chakula kinapoa!"

Kisha ikaanza upya.

Mama mkwe aliifahamu sauti ya mwanawe. Aliingia moja kwa moja, akaizima spika mwenyewe, akaniambia kwa huruma kwamba kama kuna jambo linanisumbua nyumbani, yeye ni mama, nimwambie. Sasa eneo zima wananiita Chakula Kinapoa. Fundi wa nondo aliniomba kofia kwa jina hilo bila hata kucheka.

Mabaya hayaji peke yake. Saa ya mapumziko nilikuwa navuka, moyo mzito, kreni ikawa inapandisha madirisha ya ghorofa ya juu. Vioo vitupu, vimefungwa pamoja, na ndani yake anga lote linapita, mawingu yanapanda juu ndani ya vioo! Nikasimama. Nilisikia breki. Niligeuka, pua ya lori ilikuwa kifuani kwangu, joto lake usoni. Nilikuwa katikati ya njia ya malori. Njia niliyoichora mimi, pembeni ya mapipa niliyoyapanga mimi.

Mhandisi hakupiga kelele, na hiyo ndiyo iliyoniumiza. Aliuliza nani ataheshimu njia ambayo mwenyewe aliyeichora haifuati. Amri yake ni kwamba kreni ikiwa inanyanyua kitu, mimi nisiwe ndani. Nilinde uzio kwa nje, upande wa nyuma.

Kwa nje! Mbele yangu bati tupu. Nasikia injini, nasikia mnyororo, nasikia mtu anaita shusha, shusha, na sioni kitu. Ni kama kusikiliza harusi kwa jirani. Nilivumilia kadiri nilivyoweza. Mwishowe nilikwenda stoo kuazima mkasi wa bati, nikamdanganya Bwana Stoo kwamba kuna ncha kali nataka kuipunguza. Nimetoboa tundu moja tu, la ukubwa wa kisahani, usawa wa macho yangu.

Ee Mola. Sikujua. Ukiwa ndani unaona kipande kipande, huku vumbi, huku unakwepa. Ukiwa kwenye tundu unaliona jengo lote limesimama, ngazi zake, nguzo zake, watu wadogo wenye vizibao vya manjano wanakwenda na kurudi, na ndoano inashuka katikati yao bila kumgusa yeyote. Na malori! Yanaingia mashariki, yanatokea magharibi, mkia unapita kandokando ya nguzo bila kuigusa. Ile ni kazi yangu. Nilisimama hadi kengele ikalia na jicho likawa linatoa machozi.

Jumanne, 12 Agosti

Mbinu mpya, na hii haina dosari. Nimejiuliza ni nini hasa huwazuia watu. Si maneno, si mbwa. Ni jicho. Mtu akiona anaangaliwa, anajiheshimu. Nimepeleka picha yangu ndogo ya kitambulisho kwa mpiga picha, nimemwambia aikuze iwe kama meza. Uso mkali, nyusi zimekunjwa, kofia ngumu kichwani. Yeye alisema naonekana kama mtu anayeumwa na jino. Nimeitundika nyuma, mahali watu wanapopenda kuingilia, kando kidogo ya tundu langu.

Mchana nilikwenda kujisaidia. Niliporudi kulikuwa na mtu kwenye tundu langu! Mzee yule wa mkongojo, ameinama, hapumui. Nilikohoa. Hakusikia. Nilimgusa bega. Akaniambia nisubiri zamu yangu.

Alhamisi, 14 Agosti

Picha inafanya kazi!!

Tangu Jumanne hakuna hata mtu mmoja aliyeingia. Skrubu zote zipo. Nimekagua bati kwa bati. Mhandisi amekagua nyuma yangu naye hakuamini. Nilimwonyesha picha. Aliitazama kwa muda mrefu, akaniuliza kama naumwa na jino.

Kuna kero moja ndogo. Matundu yameongezeka. Sijui ni nani, ingawa nimemwona mama mkwe akiongea na fundi wa mabati wa mtaani na kumpimia urefu kwa kiganja kifuani. Sasa kuna la watu warefu, la watu wa kiasi, na moja la chini kabisa. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, na kweli wanainama. Mama mkwe ameleta kigoda chake. Wauguzi huja saa ya chakula na sahani mkononi. Hawavuki, hawabishani, wanatazama tu, na mara mojamoja wote kwa pamoja husema aaah, kisha wanaondoka kwa kuzungukia barabarani, kule kule nilikoweka mshale. Mama mkwe aliniambia kutoka hapa anaona vizuri kuliko alipokuwa anapita ndani, na hakuna wa kumpigia honi. Alisema tangu aolewe hajaona kitu kikubwa hivi kikijengwa mbele ya macho yake.

Nilimwuliza kama picha yangu haimtishi. Akauliza picha gani.

Anajikaza tu.

Ijumaa, 15 Agosti

Kesho ndiyo kesho. Kenchi imefika! Lori lile refu liliingia leo na eneo zima likasimama kimya. Kichwa kikapita, kisha tela, kisha tela, kisha bado tela, na mkia wake ukapita kando ya nguzo niliyoisogeza, nafasi ya kupitisha kiganja tu. Dereva aliteremka, akaitazama nguzo, akaitazama kona, akaniamkia. Mimi! Nilimnong'oneza mke wangu kwa simu kwamba nyonga yake imeokoa lango. Alikata.

Bwana Stoo, ambaye wivu umemla hadi mifupani, alinifuata akasema eti ni yale matundu yanayowatuliza watu, si picha. Nilicheka. Mtu avunje sheria wiki nzima, halafu atulizwe na tundu? Ila kwa kunitajia matundu amenisaidia bila kujua. Mkaguzi anakuja kesho! Atakuta uzio wangu umetobolewa kama kitambaa kilicholiwa na panya. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Jioni, watu walipoondoka, nimeziba matundu yote kwa vipande vya bati na skrubu mpya. Langu ndilo la mwisho. Niliaga kwanza. Picha nimeisogeza katikati kabisa.

Jumamosi, 16 Agosti



Mkaguzi alifika, mtu mwembamba, mpole, kila kitu anakigusa kwa ncha ya kalamu. Alilipenda lango la malori. Aliyapenda mapipa. Mhandisi alinitaja. Mimi nilikuwa nje, nyuma, kwa amri, nasimama wima mbele ya mabati yaliyozibwa. Watu walikuja mapema kuliko siku zote na vigoda vyao. Waliyatazama mabati. Walinitazama mimi. Niliwaambia leo hapana, warudi nyumbani. Wakatawanyika, na nikaionyesha picha yangu kidole gumba.

Filimbi ilipulizwa. Nikasikia mnyororo ukikaza. Bati zima likatetemeka, na nikajua imeondoka chini. Sikuona kitu. Sikio kwenye bati, macho nimefumba.

Kisha filimbi tena, fupifupi, kali, na kila kitu kikanyamaza. Redio ya Bwana Stoo ikawa inaita jina langu. Jina langu halisi! Nilikimbia hadi kwenye kona. Bati moja liko wazi, skrubu zimepangwa juu ya jiwe.

Mama mkwe alikuwa ndani, katikati kabisa ya uwanja, ameketi juu ya kigoda chake, uso ameuelekeza mbinguni. Na juu, si juu yake hasa ila ikimwelekea, kenchi nzima inaning'inia. Dereva wa kreni aliishikilia pale. Upepo ukiigusa inazunguka kidogo na kivuli chake kinatembea ardhini, kinamkaribia, kinarudi. Mhandisi alikuwa mweupe midomo. Walimwita kwa kipaza sauti. Yeye aliwapungia mkono.

Niliingia. Hakuna aliyenituma. Nilipita kando ya mapipa, kwenye njia yangu, hatua kwa hatua, na nilitazama miguu yangu tu. Sikuinua macho hata kidogo. Nilipofika nilitaka kupiga kelele, nilitaka kumbeba kama gunia, lakini ni mama mkwe wangu. Nikasema shikamoo, mama.

Akaitikia marahaba. Akauliza nimeamkaje. Nikasema salama. Watoto? Salama. Yule mdogo kikohozi kimekwisha? Kimekwisha, mama. Kivuli kilitupita miguuni. Nikavua kofia yangu ngumu, nikamwomba ruhusa, nikamvika juu ya mtandio. Akaniambia kwa utaratibu kabisa kwamba yeye si mkorofi, amekuja kwa sababu leo ndiyo siku yenyewe, ameisubiri wiki nzima, na mtu mmoja asiye na adabu ameziba matundu.

Nilimwambia nitamfungulia. Sasa hivi. La kwake, lile la kifuani. Aliniuliza kama naapa. Niliapa. Akanishika mkono, nikachukua kigoda, tukatoka polepole kwenye njia ya watu, na nilisikia eneo zima likipumua nyuma yetu.

Sikutafuta bisibisi. Mama alinipa kijiko. Nilifungua la kwake, la mzee, la wauguzi, na la kwangu mwisho, na watu walikuwa wamesharudi, sijui walisikia wapi. Filimbi ikapulizwa. Kenchi ikapanda.

Ilipanda kimya, chuma kile chote, kama kitu kisicho na uzito, ikapita jua, kwa kitambo ikawa kivuli usoni mwetu sote, kisha ikashuka juu ya nguzo zake na tukasikia mlio mmoja mzito, na ardhi ikatujibu miguuni. Hakuna aliyesema aaah. Mama mkwe alikuwa analia. Mimi pia. Alinishika bega bila kuondoa jicho kwenye tundu.

Nilipogeuka, mkaguzi alikuwa ameinama kwenye tundu la chini kabisa, kalamu mdomoni, suruali imejaa vumbi magotini. Nilijua imekwisha. Ndoo za zege ziliniita. Alijinyoosha akauliza ni nani aliyebuni madirisha haya. Nilifikiri ni mtego, nikayatazama mabati. Mama mkwe akanisonta kwa kijiko. Mkaguzi alisema kosa la leo atalieleza kwa Mhandisi kwa ukali, na amelieleza, nilisikia. Lakini kazi hafungi, kwa sharti kwamba matundu yabaki wazi mpaka jengo liishe, kingo zake zipigwe plastiki zisikate watu, na kila moja liwe na kigoda.

Jumatatu, 18 Agosti

Redio ninayo!!! Nyeusi, nzito, ina kifundo chekundu. Mhandisi alinikabidhi mbele ya wote. Alisema niliingia pale kwa miguu yangu nikiwa nimetazama chini, na kwa hilo ananisamehe mengine yote. Nimemwita Bwana Stoo akiwa mbele yangu. Nakupata, nakupata. Aligeuka kuhesabu kofia, lakini sauti yangu niliisikia ikitoka kwenye redio yake.

Leo hakuna aliyeingia. Nimekaa nikatafakari kwa makini, maana kiongozi lazima ajue ni kitu gani kilichofanikiwa. Mkaguzi anasema matundu. Mhandisi anasema matundu. Hata mke wangu. Lakini mimi nilikuwepo. Wiki nzima nimewaona watu wakija kusimama mbele ya picha yangu, kimya, kwa adabu, hata bila kuingia. Ijumaa jioni niliisogeza, na kesho yake uzio ukavunjwa! Kuna ushahidi gani mwingine unaohitajika?

Nimerudi kwa mpiga picha. Nimemwagiza ile kubwa, ya mwili mzima, kofia, kizibao, na redio mkononi. Upana wa mabati manne. Nimepima mahali pa kuitundika, palepale watu wanapopenda kukaa na vigoda vyao. Itaenea vizuri sana. Itafunika matundu yote.

Jioni mama mkwe alipita nyumbani akiwa na haraka kidogo. Aliniambia nitazame nilivyomwacha Jumamosi, kijiko chake kimepinda hakifai tena. Ameomba bisibisi. Sikumwuliza ya nini. Nimempa ile nzuri.